Kati ya 755 na 762: Mjadala juu ya Rekodi ya Barry Bonds

MWANAHISTORIA: Vitabu vya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani vinaonyesha kuwa rekodi ya homurani ni 762 na kwamba mwenye rekodi hiyo ni Barry Bonds, lakini hesabu ni jambo moja na heshima ni jambo jingine, na heshima hiyo ingali mikononi mwa Hank Aaron, aliyestaafu mwaka 1976 akiwa na homurani 755. Homurani ni mpigo unaoupitisha mpira juu ya uzio wa mwisho wa uwanja, ndani ya mistari miwili ya pembeni, ukampa mpigaji haki ya kuzunguka vituo vyote vinne bila mtu kumzuia. Haitegemei kosa la mlinzi wala mpira kudunda vibaya, na ndiyo maana anayeongoza kwa homurani hutazamwa kama kielelezo cha mchezo mzima. Kielelezo kilichojengwa kwa dawa za kusisimua misuli hakiwezi kukalishwa mahali pa Aaron kana kwamba hakuna lililotokea.

MWANASHERIA: Ndugu Mwanahistoria ametoa hukumu kabla shauri halijasikilizwa. Bonds alicheza misimu 22, kuanzia 1986 hadi 2007, na hakufungiwa hata mechi moja kwa kosa la dawa. Serikali ya Marekani ilimfungulia mashtaka Novemba 2007, si kwa kutumia dawa, bali kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki isitendeke. Shauri liliposikilizwa mwaka 2011, baraza la raia lililokuwa likiamua lilishindwa kuafikiana juu ya mashtaka matatu ya uongo na likamtia hatiani kwa shtaka moja tu, la kuzuia haki, kwa sababu ya jibu la kuzungukazunguka alilolitoa alipoulizwa swali. Aprili 2015 Mahakama ya Rufaa iliifuta hata hatia hiyo. Kisheria, basi, mtu anayetakiwa kunyang'anywa heshima hana hatia yoyote, na anayetaka kumnyang'anya ana wajibu wa kueleza anatumia mamlaka gani.

MWANAHISTORIA: Mahakama iliulizwa kama Bonds alisema uongo, haikuulizwa kama mwili wake ulipokea dawa. Septemba 2003 wapelelezi walivamia maabara ndogo iliyoitwa BALCO, katika mji wa Burlingame, California, iliyokuwa ikiwasambazia wanariadha wakubwa dawa za aina mbili: ya kwanza mafuta ya kupaka, ya pili matone ya kudondoshea chini ya ulimi. Matone hayo yalikuwa na THG, steroidi iliyoundwa makusudi ili isionekane katika vipimo vya wakati huo, na haikufahamika mpaka kocha mmoja wa riadha alipowapelekea wapambanaji wa dawa bomba la sindano lenye mabaki yake, kisha maabara ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ikalichambua. Mbele ya baraza la siri la uchunguzi, Desemba 2003, Bonds alieleza kwamba vitu alivyopewa na mkufunzi wake wa mazoezi, Greg Anderson, alidhani ni mafuta ya mbegu za kitani na dawa ya kuchulia viungo vinavyouma. Anderson alikubali kukaa gerezani kuliko kutoa ushahidi. Hoja ya kwamba hakuwahi kufungiwa haina uzito mbele ya dawa iliyotengenezwa ili wanaoitumia wasifungiwe.

MWANASHERIA: Hata kama maelezo hayo yote yangekubaliwa, lingebaki swali la kanuni. Mwaka 1991 Fay Vincent, aliyekuwa kamishna wa besiboli, yaani msimamizi mkuu anayeteuliwa na wamiliki wa timu, alizipelekea timu waraka uliotaja steroidi miongoni mwa vitu vilivyokatazwa. Waraka huo haukuwa na kipimo wala ratiba ya adhabu, tena haukuwa sehemu ya mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji. Upimaji wa kwanza ulifanyika mwaka 2003, bila majina, kwa ajili ya kujua ukubwa wa tatizo tu. Adhabu zilianza 2004, na adhabu ya kufungiwa mechi 50 kwa kosa la kwanza ikaja 2006. THG yenyewe iliingizwa katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa na sheria ya nchi mwaka 2004. Homurani 73 ambazo Bonds alizipiga mwaka 2001, ambazo ni nyingi kuliko zilizowahi kupigwa na mtu yeyote katika msimu mmoja, zilipatikana katika ligi iliyokataza kwa maandishi na kuruhusu kwa vitendo, na mzigo wa unafiki huo hauwezi kutwikwa mchezaji mmoja.

MTAKWIMU: Inafaa hesabu zenyewe zifunguliwe, maana pande zote mbili zinazungumza kama vile zinajulikana. Hadi mwisho wa msimu wa 1998, Bonds akiwa na umri wa miaka 34, alikuwa na homurani 411, na zaidi ya hizo alikuwa na tuzo 3 za mchezaji bora wa ligi na sifa ya kuwa mtu wa kwanza kuunganisha homurani 400 na vituo 400 vilivyoibwa, yaani kukimbilia kituo cha mbele mrushaji akiwa bado na mpira wake. Katika misimu 13 hiyo ya mwanzo, msimu wake bora ulikuwa wa homurani 46, mwaka 1993. Kisha, kuanzia mwaka 2000 hadi 2004, katika umri ambao wapigaji wengi hustaafu, alipiga 49, 73, 46, 45 na 45, jumla 258 kwa misimu mitano. Jumla ya zile zilizopigwa baada ya 1998 ni 351, ambazo ni karibu nusu ya rekodi nzima.

MWANAHISTORIA: Hesabu hiyo inatosha kuwa ushahidi.

MTAKWIMU: Ni ushahidi wa jambo lisilo la kawaida; chanzo cha jambo hilo hesabu haiwezi kukitaja. Aaron naye alipata msimu wake bora, wa homurani 47, mwaka 1971 akiwa na miaka 37, na alipiga 40 mwaka 1973 akiwa na miaka 39, katika majaribio 392 tu. Hakuna anayemtuhumu kwa hilo. Sehemu ya maelezo ni kwamba mwaka 1966 timu yake ya Braves ilihama Milwaukee ikaenda Atlanta, mji ulio juu kuliko viwanja vingine vingi vya wakati ule, ambako hewa nyepesi kiasi iliusaidia mpira kwenda mbali. Mchambuzi akitaka kupunguza homurani za Bonds kwa sababu ya dawa, atalazimika kusema anapunguza ngapi na kwa kipimo kipi, na mpaka leo hakuna fomula inayoweza kuonyesha ni mpira upi kati ya 351 ungedakwa mbele ya uzio lau mwili wa mpigaji ungekuwa dhaifu kidogo.

MWANAHISTORIA: Aaron hakuruka kutoka 46 hadi 73. Kwa misimu 23 hakuwahi kufika 50. Rekodi yake ilijengwa tofali kwa tofali, na kilele chake cha uzeeni kilizidi misimu yake ya ujanani kwa homurani mbili tatu. Kulinganisha miinuko hiyo miwili ni kulinganisha kilima na ukuta.

MRUSHAJI MSTAAFU: Mjadala huu unawataja wapigaji kana kwamba mpira hujirusha wenyewe. Upande wa pili wa kila homurani yupo mrushaji, mtu anayesimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja na kuutuma mpira kwa kasi inayofika kilomita 150 kwa saa, na ripoti iliyotolewa Desemba 2007 na aliyekuwa seneta George Mitchell, iliyowataja wachezaji 89, ilikuwa na warushaji wengi ndani yake. Dawa ziliwasaidia kupona haraka na kurusha kwa nguvu siku baada ya siku. Bonds alipokuwa akisimama na rungu lake mkononi mwaka 2001, huenda mtu aliyemkabili alikuwa ametumia kilekile anachotuhumiwa yeye kutumia, na jambo hilo halimo katika kitabu chochote cha takwimu. Tena warushaji walimwogopa kwa namna ambayo haijaonekana kabla yake wala baada yake: mwaka 2004 alipewa kituo cha kwanza bila kupiga mara 232, na katika hizo 120 ni kwa makusudi, yaani timu pinzani iliona ni heri kumpa kituo bure kuliko kumrushia mpira unaopigika. Nguvu ya misuli humwezesha mtu kuupeleka mpira mbali; haimpi jicho la kutambua, katika muda mfupi usiofika nusu sekunde, mpira upi uachwe na upi upigwe.

MWANAHISTORIA: Mzee Mrushaji ametoa sifa ambayo hakuna anayeipinga. Bonds alikuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa kabla ya 1999, na huzuni ya jambo hili ni kwamba angeheshimiwa daima hata kama asingepiga homurani nyingine hata moja. Kipaji kikubwa hakimpi mtu ruhusa. Kinyume chake, kinamwongezea wajibu.

MWANASHERIA: Kama wajibu ndio mizani, basi upime pande zote. Aaron mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1991, alikiri kwamba mwaka 1968 alimeza kidonge cha amfetamini, dawa ya kuamsha mwili na kuondoa uchovu ambayo wachezaji wa enzi zake walikuwa wakipeana vyumbani mwa kubadilishia nguo. Ligi ilianza kuwapima wachezaji kwa dawa hizo mwaka 2006. Mrushaji Gaylord Perry aliandika kitabu mwaka 1974, akiwa bado anacheza, akieleza jinsi alivyokuwa akiupaka mpira mate na vilainishi, jambo lililokatazwa tangu 1920, na mwaka 1991 alipokelewa kwa shangwe katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli lililoko Cooperstown, New York. Besiboli imezoea kuwacheka wadanganyifu inaowapenda na kuwahukumu isiowapenda, na Bonds, aliyekuwa mkavu kwa waandishi wa habari na asiyejua kujipendekeza, alikuwa wa kundi la pili.

MWANAHISTORIA: Kidonge kimoja ambacho mtu alikimeza, akajuta, akakieleza kwa hiari yake, hakiwekwi sahani moja na mpango wa miaka uliofichwa kwa dawa isiyopimika. Na kwa kuwa jina la Aaron limetajwa kwa kukiri kwake, ni haki litajwe pia kwa yale aliyoyavumilia, kwa maana bila hayo mtu hawezi kuelewa kwa nini rekodi hii si tarakimu tu.

Babe Ruth, mwenye rekodi ya 714 tangu 1935, alizipata homurani zake zote katika ligi ya watu weupe peke yao. Jackie Robinson alivunja mwiko huo tarehe 15 Aprili 1947, Ruth akiwa amestaafu zamani. Aaron, mzaliwa wa Mobile, Alabama, aliyeanzia katika timu ya Indianapolis Clowns ya ligi ya Wamarekani weusi mwaka 1952, alimaliza msimu wa 1973 akiwa na 713, homurani moja nyuma ya Ruth, na majira yote ya baridi yaliyofuata aliyapitisha akiwa lengo la chuki. Barua alizopokea mwaka huo zilikadiriwa kufika 930,000. Nyingi zilikuwa za kumtia moyo, lakini zilikuwamo pia zilizoapa kumpiga risasi uwanjani iwapo mtu mweusi angethubutu kumpita Ruth, na vitisho vya kumteka binti yake aliyekuwa chuoni Nashville vilichukuliwa kwa uzito hata maofisa wa upelelezi wakawekwa karibu naye. Aaron alilala katika hoteli tofauti na wenzake na akatoka viwanjani kwa milango ya nyuma.

Tarehe 8 Aprili 1974, mjini Atlanta, mbele ya watazamaji 53,775, aliupiga mpira wa Al Downing wa Los Angeles Dodgers ukavuka uzio wa kushoto, ikawa ya 715. Alipokuwa kati ya kituo cha pili na cha tatu, vijana wawili weupe waliokuwa wameruka kutoka jukwaani walimkimbilia wakimpigapiga mgongoni, na askari aliyepewa kazi ya kumlinda, aliyekuwa ameketi miongoni mwa watazamaji na bastola ndani ya mkoba wa darubini, alilazimika kuamua papo hapo kama wale ni wauaji au ni washangiliaji. Hakuitoa silaha. Mama yake Aaron alimngojea mwisho wa mzunguko akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Kuliweka jina jingine juu ya jina hili kwa msaada wa mafuta na matone ni kukichukua kitu ambacho kililipiwa kwa hofu ya namna hiyo.

MWANASHERIA: Hakuna asiyeguswa na maelezo hayo, lakini mateso ya Aaron yasigeuzwe ushahidi dhidi ya Bonds. Bonds naye ni Mmarekani mweusi, mwana wa mchezaji Bobby Bonds na mtoto wa ubatizo wa Willie Mays, na kura za maoni za mwaka 2007 zilionyesha kwamba mashabiki weusi walitamani aivunje rekodi kwa kiwango kikubwa kuliko mashabiki weupe. Mark McGwire, mweupe, alipopiga homurani 70 mwaka 1998, mwandishi mmoja aliona kabatini mwake chupa ya androstenedioni, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa homoni ya kiume, na nchi ikaendelea kushangilia. Kitu hicho kilikuwa bado hakijakatazwa na ligi, na McGwire alikiri kutumia steroidi mwaka 2010 tu. Kwa nini hasira ambayo haikuonekana 1998 ilifurika 2007?

MWANAHISTORIA: Kwa sababu kati ya miaka hiyo watu walijifunza. Mwaka 1998 wengi hawakujua walichokuwa wakikitazama. Baada ya BALCO hakuna aliyeweza kudai hajui.

MRUSHAJI MSTAAFU: Waliojua walikuwapo. Mwaka 1994 mgomo wa wachezaji ulikatisha msimu na fainali kuu ikafutwa kwa mara ya kwanza tangu 1904, mashabiki wakachukia, viwanja vikapwaya. Mbio za homurani za McGwire na Sammy Sosa, miaka minne baadaye, ziliwarudisha watu na fedha zao. Timu zilikuwa na madaktari, makocha na watunza vifaa walioziona fulana na kofia za wachezaji zikibadilishwa ukubwa, na wamiliki walikuwa na macho. Aliyenyamaza wakati pesa inaingia hana kauli ya usafi pesa ilipokwisha kuingia.

MTAKWIMU: Yapo matukio mawili ya makamishna ambayo yanastahili kuwekwa pamoja. Aaron alipopiga ya 715, Kamishna Bowie Kuhn hakuwapo uwanjani. Alikuwa Cleveland kwa miadi mingine, na Aaron aliumia kwa hilo. Bonds alipoifikia 755 mjini San Diego tarehe 4 Agosti 2007, Kamishna Bud Selig alisimama mikono ikiwa mifukoni, na siku tatu baadaye, mjini San Francisco, Bonds alipompiga Mike Bacsik wa Washington Nationals homurani ya 756 katika zamu ya tano, Selig hakuwapo kabisa. Aaron naye hakuwapo, lakini ujumbe wake wa video ulionyeshwa kwenye ubao mkubwa wa uwanja, akimpongeza Bonds na kusema kwamba anampisha. Kwa wanaopenda nasaba za mchezo, baba yake Bacsik, mrushaji pia, alikuwa amemkabili Aaron mwaka 1976.

MWANASHERIA: Mwenye mali ameikabidhi mwenyewe. Wanaoendelea kuidai kwa niaba yake wanadai kuliko yeye.

MWANAHISTORIA: Aaron alikuwa muungwana, na uungwana wake usichukuliwe kuwa hati ya kukabidhi. Alirekodi ujumbe na akabaki kwake.

MTAKWIMU: Basi na lishughulikiwe pendekezo linalotolewa mara nyingi zaidi, la kuiwekea rekodi alama ya nyota. Mwaka 1961 Roger Maris wa New York Yankees alikuwa akiifukuzia rekodi ya Ruth ya homurani 60 katika msimu mmoja, iliyowekwa 1927. Msimu wa Ruth ulikuwa na mechi 154, wa Maris mechi 162, na Kamishna Ford Frick, ambaye enzi za ujana wake wa uandishi alimwandikia Ruth makala zilizotoka kwa jina la Ruth, aliamua katikati ya msimu kwamba atakayempita Ruth baada ya mechi ya 154 ataandikwa mahali pake peke yake. Maris alipiga ya 61 siku ya mwisho, tarehe 1 Oktoba. Alifariki 1985 akiwa bado ameandikwa kwa mgawanyo huo, nao ukaondolewa 1991. Kwa miaka 30 vitabu vilibeba uamuzi wa mtu aliyekuwa na mapenzi na upande mmoja.

MWANAHISTORIA: Tofauti ya mechi 8 si sawa na udanganyifu. Tena nyota ya Bonds imekwisha kuchongwa kwenye mpira wenyewe: mpira wa 756 ulinunuliwa na mbunifu wa mavazi Marc Ecko kwa dola 752,467, akawaachia watu wapige kura, nao wengi wakachagua uchorwe alama ya nyota kabla ya kupelekwa Cooperstown, na ndivyo ilivyofanyika. Riadha nayo haikusita. Ben Johnson wa Kanada alifutiwa mbio zake za sekunde 9.79 za Seoul mwaka 1988, kisha alipokiri mbele ya tume ya uchunguzi ya nchi yake, hata rekodi ya 9.83 aliyoiweka Rome mwaka 1987 ikafutwa.

MWANASHERIA: Johnson alipatikana na dawa kisha akakiri, Bonds hajakiri, na hakuna sampuli aliyoadhibiwa kwayo. Riadha hiyohiyo inafundisha mpaka wa mamlaka yake. Mwaka 2025 Ruth Chepngetich wa Kenya alifungiwa miaka 3 kwa sampuli iliyochukuliwa Machi mwaka huo, matokeo yake yakafutwa kuanzia tarehe ya sampuli, na kwa uamuzi huo rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake ya saa 2:09:56 aliyoiweka Chicago Oktoba 2024 haikuguswa, ingawa mashaka juu yake yanasikika kila kona. Shuku ina nafasi yake katika mazungumzo ya watu. Katika daftari la rekodi panatakiwa uthibitisho wenye tarehe.

MTAKWIMU: Besiboli ina ugumu mwingine ambao riadha haina. Muda wa mkimbiaji ni wake peke yake, kwa hiyo unaweza kufutwa bila kuvuruga kitu kingine, lakini homurani huandikwa pande mbili kama hesabu za biashara: kila moja ya zile 762 imo katika kumbukumbu ya mrushaji aliyepigwa, imo katika alama za mechi, na imo katika ushindi na kushindwa kwa timu mbili. Ukiifuta ya 756, lazima useme kama Bacsik hakupigwa na mechi ile iliishaje. Ndiyo maana ligi haijafuta hata moja, na haielekei kufuta. Kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza, kama ilivyoonekana mwaka 2024 takwimu za ligi za Wamarekani weusi za 1920 hadi 1948 zilipounganishwa na za Ligi Kuu, ingawa zile chache za Aaron wa Indianapolis Clowns, kwa kuwa ni za 1952, zilibaki nje.

MWANAHISTORIA: Hakuna aliyeomba mpira urudishwe ndani ya uzio. Kinachoombwa ni kwamba kila mahali inapoandikwa 762, yaandikwe pia mazingira yake, ili mtoto atakayeisoma miaka 50 ijayo asidhani kwamba Aaron alishindwa katika shindano la haki.

MRUSHAJI MSTAAFU: Na mazingira ya 714 yaandikwe pia, kwamba warushaji bora weusi walizuiwa kumkabili Ruth katika ligi hiyo. Na ya 1998. Na kwamba Sadaharu Oh wa Yomiuri Giants alipiga homurani 868 nchini Japani kati ya 1959 na 1980, idadi ambayo Marekani huitaja kwa heshima bila kuihesabu. Ukurasa utajaa maelezo kabla ya kufika kwenye majina.

MWANAHISTORIA: Ujae. Historia ikiwa ndefu haijaharibika.

MWANASHERIA: Nani atayaandika? Ofisi ya kamishna, ambayo kuanzia 1991 hadi 2002 ilikuwa na waraka usio na kipimo, ndiyo itakayoeleza kwamba kosa lilikuwa la mpigaji wa San Francisco? Waandishi wa besiboli, ambao ndio wapigakura wa Jumba la Mashujaa, walimpa Bonds asilimia 66 Januari 2022, mwaka wake wa 10 na wa mwisho katika karatasi yao, huku asilimia 75 zikihitajika, na Desemba mwaka huohuo kamati ya watu 16 ikamkataa tena. Bud Selig, aliyeiongoza ligi katika miaka yote ya steroidi, alichaguliwa kuingia Cooperstown Desemba 2016 na bamba lake la shaba limetundikwa ukutani. Mpira wenye nyota umo katika jumba hilo, aliyenufaika na mpira huo yumo, aliyeupiga hayumo. Anayezungumza juu ya maelezo ya haki aanze na ukuta huo.

MWANAHISTORIA: Kuingizwa kwa Selig kabla ya swali hili kujibiwa kulikuwa kosa, na litajwe kuwa kosa. Lakini Selig hakupaka mafuta wala hakudondosha matone chini ya ulimi wake, na Aaron, aliyefariki tarehe 22 Januari 2021, hakuwa kamishna wala mmiliki wa timu. Kama deni la wakubwa halilipiki, si yeye anayepaswa kukatwa ili hesabu ya Bonds na ligi yake itimie.

MWANASHERIA: Hajakatwa. Zake ni 755 leo kama zilivyokuwa 1976.